Mrejesho: Kazimierz Dolny nimefika

Wakuu, niliuliza kama Kazimierz Dolny, mji mdogo wa Polandi kando ya mto Wisła, unastahili safari kutoka Lublin. Unastahili sana, asanteni! Maghala ambamo nafaka ilihifadhiwa kabla ya kuteremshwa na mto hadi Gdańsk bado yapo. Nyumba mbili za ndugu wa Przybyła, za mwaka 1615, zimejaa michongo ukutani.

Ila kilichonigusa zaidi ni Czerniawy, eneo la makaburi ya Wayahudi mjini hapo. Kabla ya vita takriban nusu ya wakazi walikuwa Wayahudi. Wanazi waliwaangamiza, mawe ya makaburi yao wakayatandaza chini yakanyagwe. Mwaka 1984 mabaki ya mawe hayo yalitumika kujenga ukuta wa kumbukumbu wenye ufa mpana, juu hadi chini. Ukienda, usipapite, kwa miguu unafika.