Naomba ushauri: kadi za mapendekezo ya vitabu hazimvuti mtu

Habari zenu ndugu zangu. Nimepewa jukumu la kusimamia mapendekezo katika programu yetu ya kusoma wakati wa likizo ya kiangazi. Kila anayemaliza kitabu anaandika kadi, tunaibandika ubaoni ili mwingine ajichagulie. Ubao umejaa, ila kadi nyingi zinasema tu "kizuri sana, kisome". Juzi binti wa miaka 13 alizisoma zote, moja baada ya nyingine, kisha akaondoka mikono mitupu. Iliniuma sana.

Kadi iliyogombaniwa ni moja tu. Mzee mmoja alipendekeza Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960, akaandika: "Usikianze usiku kama una kazi asubuhi." Basi! Watu watatu wamekiomba.

Sasa naomba mnisaidie. Nimuulize msomaji swali gani ili aandike neno la kumvuta mwenzake bila kufichua mwisho wa hadithi? Mimi nimefikiria hili: "Nani unayemjua angekipenda, na kwa nini?" Wenzangu wanataka nyota, 1 hadi 5. Sikubaliani nao, maana hadithi ya mtoto wa miaka 8 na riwaya nzito ya watu wazima haviwezi kupimwa kwa mizani moja.

Tena wapo wanaosoma vizuri lakini kuandika kunawapa shida. Hao niwarekodi sauti, au niwaandikie mimi? Kadi mpya nachapisha wiki ijayo, hata wazo dogo nalipokea.