Zamu ya tatu kati ya nane: nimwite winga wa Bombolulu au niiuze zamu?

ShabikiSaaTisa (Majengo)

Assalam alaikum wanabaraza, na wengine wote hamjambo.

Nina swali la mpira lakini lina hesabu ndani yake, mwenye haraka apite tu. Mashindano yetu ya Ramadhani, yale ya saba kwa saba baada ya tarawehe, mwaka huu kamati imekataa timu kuja na watu wake. Sababu mwaijua. Miaka mitatu mfululizo timu ile ile yaondoka na mbuzi, sisi wengine twaenda kusindikiza. Sasa wachezaji wote 80 wametiwa kapu moja, na manahodha wanane twawaita kwa zamu, mmoja mmoja, mpaka kila timu itimize watu 10. Zamu zaenda na kurudi: wa mwisho raundi ya kwanza ndiye wa kwanza raundi ya pili. Tulichota namba kwenye kofia, mimi nikatoka na tatu. Yaani nitamwita mtu wa 3, kisha wa 14, wa 19, wa 30, na kuendelea hivyo.

Mnaonijua mwajua kwa nini nimefurahi kama mtoto siku ya Idi. Mimi ndiye yule mwehu wa mpira wa Kimarekani. Nilianza 2012 nikilinda usiku hoteli moja Nyali, televisheni ya ukumbini ikiachwa wazi na wageni, nami sina la kufanya ila kuangalia wanaume waliovaa kofia ngumu wakigongana. Siku hizi ni karani wa mizigo bandarini na ninalala kama binadamu, lakini kila Aprili huamka saa tisa usiku kutazama timu 32 zikiteua vijana wa vyuo, raundi saba, timu mbovu ikitangulia. Wao huiita drafti. Mke wangu alidhani ni ile ya vizibo vya soda, akaniuliza mbona haoni ubao.

Turudi kwenye shida yangu. Jumapili ilikuwa siku ya majaribio. Kuna winga wa Bombolulu, mashallah, yule kijana akigusa mpira watu huacha hata mabuyu yao. Alimlaza beki mmoja chini mara mbili kwa chenga ile ile. Habari za vichochoroni ni kwamba wa kwanza ataita kiungo wa Mikindani na wa pili ataita mshambuliaji wa Kongowea, kwa hivyo winga atanifikia mikononi.

Sasa jirani yangu mwenye zamu ya saba amenijia na neno: nimpe zamu yangu ya 3 na ile ya 30, yeye anipe ya 7 na ya 10. Nikikubali nitakuwa na wa 7, 10, 14 na 19. Watu wanne kabla ya 20, badala ya watatu.

Nikaenda kwenye jedwali. Kule Marekani, mwanzo wa miaka ya tisini, timu ya Dallas Cowboys ikiwa chini ya kocha Jimmy Johnson, kila zamu ilipewa bei kwa pointi ili watu wasibadilishane kwa kukisia. Ya kwanza pointi 3,000, ya tatu 2,200, ya saba 1,500, ya kumi 1,300, ya thelathini 620. Jumlisheni wenyewe: natoa 2,820, napokea 2,800. Jirani hajawahi hata kusikia kuna jedwali kama hilo, na amelikaribia kwa pointi 20! Ndiyo maana duka lake halifungwi.

Lakini wasomi wawili, Cade Massey na Richard Thaler (huyu Thaler ndiye aliyepata Nobeli 2017), walipima miaka mingi ya uteuzi wakaona timu hulipia mno zamu za mbele. Mchezaji aliyeitwa kabla ya mwenzake anayemfuata wa nafasi hiyo hiyo, uwezekano wa yeye kuwa bora ni kama asilimia 52. Mngerusha shilingi mngekaribia hapo hapo. Chicago mwaka 2017 walikuwa na zamu ya tatu, wakaitoa pamoja na nyingine tatu ili wasogee hatua moja tu, wawe wa pili, wamchukue Mitchell Trubisky, mrusha mpira. Patrick Mahomes, mrusha mpira mwenzake aliyekuja kuwa bingwa, alikuwa amekaa pale pale, akaja kuitwa wa kumi na Kansas City. Mengine mwayajua, na asiyejua amuulize yeyote mwenye kofia nyekundu ya Kansas City.

Kwa hivyo akili yangu yasema uza. Moyo wasema winga. Na macho yangu siyaamini tena, kwa sababu mwaka jana nilimsajili mshambuliaji niliyemwona akifunga mabao manne Ijumaa moja, nikamlipia mpaka viatu. Baadaye sana ndipo nikaambiwa kipa wa wale waliofungwa siku ile alikuwa Lamu harusini, na langoni alisimama mtu wa bodaboda aliyekuwa akipita.

Mngefanyaje? Na mtu mwampimaje kwa Jumapili moja?

---

BabuWaMbaraki

Wa alaikum salaam, mwanangu. Hao Wamarekani wako siwajui na majedwali yao siyajui. Mimi nilikuwa kipa, vidole vyangu vitatu havinyooki mpaka leo, na kila Bandari wanapocheza Mbaraki utanikuta upande wa kivuli.

Jumapili nilikuwepo, chini ya mwarobaini. Nyote mlikuwa mkitazama mpira. Mimi hutazama watu wakati mpira uko kwingine. Huyo winga wenu alinyang'anywa mpira mara saba, nilihesabu kwa punje za tasbihi, na hakurudi kukaba hata mara moja. Akishika kiuno anasubiri. Na yule beki aliyelazwa chini mara mbili ni kijana aliyetoka shifti ya usiku asubuhi ile. Mimi nilimwona kabla ya mechi amejinyoosha kwenye benchi, amelala. Beki mzima angemlaza nani?

Jambo la pili. Majaribio mlifanya kwenye majani, mchana. Mashindano ni mchanga, usiku, na taa mbili ambazo moja huzimika ikipenda. Mwenye mbio za majani hubaki na nusu yake mchangani. Mwangalie mwenye nyonga nzito na hatua fupi.

La tatu, na hili ndilo kubwa. Umetaja winga, kiungo, mshambuliaji. Makipa je? Kati ya hao 80 nimehesabu makipa watatu. Wa nne ni beki aliyevaa glavu. Timu ni nane, mwanangu. Mawinga wapo kumi na tano, ukimkosa huyu utampata mwenzake aliyepungukiwa kidogo tu. Ukikosa kipa, huna kitu.

---

ShabikiSaaTisa

Ami, Mungu akuweke. Makipa watatu! Na mimi najiita mtu wa hesabu. Hilo la kumpima mtu kwa pengo kati yake na atakayebaki ukimwacha ndilo hasa huwafanya wenzetu wakimbilie kwotabeki, yule mrusha mpira. Si kwamba ni bora kuliko binadamu wengine, ni kwamba wazuri hawafiki 32. Ingawa hata huko macho huteleza: Tom Brady, mrusha mpira aliyekuja kuwa bingwa, mwaka 2000 aliachwa mpaka akawa mtu wa 199.

Na hilo la majani na mchanga linanikumbusha John Ross. Mwaka 2017 alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22 kwenye majaribio ya Indianapolis, wakati huo hakuna aliyewahi kukimbia vile pale, na Cincinnati wakamwita wa tisa. Alikimbia peke yake, mstari ulionyooka, bila mtu wa kumgonga. Mechi zilipoanza hakuvuma. Sisi bandarini twajua kwamba rangi ya kontena haikwambii kilichomo, mpaka lakiri ikatwe.

---

BintLikoni

Kaka, mimi ndiye ninayeshika daftari la mahudhurio la kamati, mwaka wa pili sasa, na nashangaa hakuna nahodha hata mmoja aliyekuja kuliomba. Mwakimbilia danadana tu.

Bila kutaja mtu: yuko mmoja kati ya hao watatu mnaowagombania ambaye mwaka jana katika mechi sita alifika mbili kwa wakati. Yuko ng'ambo, anasali tarawehe kwao, kisha anangoja matatu. Mechi ya saa nne usiku yeye huingia kipindi cha pili na jasho la kukimbia kutoka stejini. Ni mchezaji mzuri kweli. Wa nusu mechi.

Halafu jedwali lako. Limetengenezwa kwa kapu la vijana mamia, raundi saba, timu 32. Kwetu mtu wa 30 ni wa katikati ya watu 80, wanaofanana naye ni tele. Hiyo 620 kwake ni bei ya kifalme. Kwa hivyo jirani akitaka ya 30 mpe haraka kabla hajafikiri. Thamani yetu iko kwenye watu ishirini wa mwanzo, basi, na wewe utakuwa na wanne hapo. Mimi ningeuza hata bila kuulizwa mara ya pili.

---

Chelewa_Chelewa

Swali la kijinga. Kuna yule kijana mrefu wa mpira wa kikapu kutoka Tudor, amejiandikisha sijui kwa nini, mpira wa miguu hajawahi kucheza. Mikono kama makasia. Hawezi kuwa kipa?

---

ShabikiSaaTisa

Si la kijinga hata kidogo. Jordan Mailata alikuwa mchezaji wa raga Australia, mpira wa Kimarekani hakuwahi kuucheza maishani. Philadelphia wakamwita raundi ya saba mwaka 2018, mtu wa 233. Akawa ukuta wa kushoto wa timu, na Februari 2025 walipoifunga Kansas City 40 kwa 22 fainali, yumo uwanjani. Lakini tusisahau wetu: Daniel Adongo, mwanaraga wa Kenya, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, na mechi alizocheza ni chache. Kwa hivyo mtu kama huyo wa Tudor ni wa kuitwa mwisho, wakati aliyebaki hana hasara. Ukimwita wa kumi watu watakucheka, na watakuwa na haki.

---

DukaHalifungwi

Kumbe "jirani" ndiye mimi! Nasoma hapa tangu asubuhi huku nauza unga.

Kwanza, ahsante kwa kulisifu duka. Pili, Ami ameshatangaza mbele ya Mombasa nzima kwamba makipa ni watatu, kwa hivyo neno langu la 7 na 10 nimelirudisha mfukoni. Ile ya 3 na ya 30 nilikuwa nimezipangia kipa mmoja kila moja, nikuachie wewe winga uimbe naye. Nani asiyejua sasa? Tatu, mwenye kupanga vita haandiki mpango wake ukutani, yakhe.

---

BabuWaMbaraki

Mimi niliulizwa nikajibu. Siri hamkuniambia.

---

ShabikiSaaTisa

Mrejesho, kwa waliouliza faraghani. Uteuzi ulikuwa Ijumaa baada ya alasiri, barazani, kahawa na kashata juu ya kamati.

Kila mtu alikuwa amesoma hapa. Kila mtu! Wa kwanza akaita kipa. Wa pili akaita kipa. Mimi nikabaki nimeduwaa, kiungo wa Mikindani, mshambuliaji wa Kongowea na winga wote mbele yangu, na kipa mmoja amebaki. Kabla sijafungua mdomo Jirani akasimama mbele ya kamati: "Lile neno la 7 na 10 bado lipo!" Macho yake yote kwa winga. Alinihubiria makipa, na winga alipobaki alisahau mahubiri yake.

Nikampa 3 na 30 kabla kahawa haijapoa. (BintLikoni, nilikusikia.) Akamwita winga, baraza likashangilia. Wa nne akachukua kipa wa mwisho. Wa tano mshambuliaji wa Kongowea. Wa sita, nisamehewe, alimwita shemeji yake. Kwa hivyo wa saba kiungo wa Mikindani alikuwa angali ananingoja, na daftari lasema mwaka jana hakukosa mechi hata moja. Wa kumi nikamchukua yule beki wa shifti ya usiku, safari hii baada ya kumuuliza ratiba yake ya kazi mwezi mzima. Ramadhani yote yuko shifti ya asubuhi. Wa 14 na wa 19 ni ndugu wawili wa Kisauni wenye hatua fupi, Ami atawapenda.

Kipa sina. Sikumwona hata yule beki mwenye glavu, aliitwa wa 22. Zamu ya 78, yangu ya mwisho, nikamwita mrefu wa Tudor na watu wakacheka hata hivyo.

Jana usiku tumefanya mazoezi ya kwanza. Mipira ya juu hudaka kama anachuma embe. Ya chini yote humpita, hajui kulala, anainama tu kama anayetafuta shilingi iliyoanguka. Ami ameahidi kumfundisha kesho baada ya alasiri, pale pale kwenye mchanga. Mechi ya kwanza ni dhidi ya Jirani na winga wake.

Mwenye glavu za kipa saizi kubwa kabisa aniazime tafadhali. Zangu haziingii mkono wa kijana hata nusu.