Kadi ya mchele: vita vilitugawa, au vilitukuta tumeshagawika?

Mwalimu wa Wete

Assalaam alaykum jamaa. Nasomesha historia katika skuli moja ya sekondari huku Pemba. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Nimeshaandika ubaoni Poland, Stalingrad na Hiroshima, mtoto mmoja wa kidato cha tatu akanyanyua mkono: "Mwalimu, haya sisi yanatuhusu nini?" Nilimjibu juu juu mpaka kengele ikalia. Jawabu lile limenikera tangu siku ile, nataka kulitoa upya hapa, na mwenye kupinga apinge.

Jawabu langu ni mchele.

Kabla ya vita visiwa hivi vilikuwa vikiuza karafuu na kununua chakula. Mchele mwingi tukiuagiza Burma. Karafuu mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Java, ambako huzikatakata wakazichanganya na tumbaku kwenye sigara zao za kreteki. Sasa tazameni tarehe. Wajapani waliingia Rangoon tarehe 8 Machi 1942. Siku hiyo hiyo Waholanzi walisalimu amri Java. Tunakonunua na tunakouzia, kote kumeondoka siku moja, na Wete hapajalia risasi hata moja.

Serikali ya Muingereza ikaanzisha mgao wa chakula kwa kadi, na mgao ule ukatazama kabila la mtu. Mwarabu na Muhindi walihesabiwa watu wa mchele. Mwafrika akahesabiwa mtu wa unga wa mahindi na muhogo. Marehemu bibi yangu, mtu wa Mtambwe, alikuwa akituhadithia kuwa aligombana na shoga yake wa utotoni kwa ajili hiyo tu. Nyumba zao zilitazamana milango. Siku ya mgao mmoja anarudi na mchele, mwengine anarudi na sembe, ilhali wote wawili wamelelewa kwa mpunga wa bonde moja. Kaka yake bibi akaenda kwa sheha wa wakati ule kutaka aandikwe vyengine. Bibi hakupata kumsamehe kaka yake, na mpaka anakufa hakutaka kutwambia aliandikwa nani.

Hapo ndipo ninapoiona hatari. Zamani mtu akiulizwa kabila lake alijibu kwa kumtazama anaemuuliza: leo Mshirazi, kesho Mtumbatu, akiwa safarini Mswahili. Ikaja kadi, jina likaanza kupimwa kwenye mizani ya duka. Miaka 15 baadae, Julai 1957, tulikwenda kupiga kura ya mwanzo na majina yale yale mikononi, na yaliyofuata baada ya hapo kila nyumba inayajua. Mimi nasema vita ndivyo vilivyotugawa.

Mtu wa Malindi

Mwalimu, heshima yako, lakini hadithi umeianzia katikati.

Fungua sensa. Mwaka 1924 waliojiandikisha kuwa ni Waswahili walizidi 30,000. Mwaka 1931 wamebaki kiasi cha 2,000. Wale watu hawakufa wala hawakuhama, walijiita vyengine. Hitla hata serikali hajaishika bado. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa 1926, Waarabu na Wahindi wakapewa viti kwa kabila zao, Mwafrika hakupewa hata kimoja. Wangazija, watu wa asili ya Komoro, walikuwa wakihangaika kabla ya vita wasihesabiwe kuwa ni wenyeji. Mtu huhangaikia jina ambalo halina faida? Na ule ugomvi wa karafuu wa 1937 na 1938, baina ya wafanyabiashara wa Kihindi na chama cha wakulima kilichokuwa kikilindwa na serikali, mpaka India ikasusia karafuu zetu, nao uliletwa na Mjapani?

Mtaa wa Malindi hapa mjini Unguja nilikozaliwa mimi, wazee walijua kabla ya 1939 nani anakaa wapi na kwa sababu gani. Ng'ambo, upande wa pili wa mji walikokaa Waafrika wengi, ilikuwa Ng'ambo.

Tena kuna jambo linaloniuma zaidi. Meli za Burma zilikatika, sawa, hilo la vita. Lakini mchele uliobaki ungeweza kugaiwa kwa vichwa vya watu, kwa idadi ya watoto, au kwa ugumu wa kazi ili mchukuzi wa bandarini apate zaidi. Muingereza aliamua ugaiwe kwa kabila. Ule ni uamuzi wa mtu aliekaa kwenye kiti, ana kalamu mkononi. Ukisema "vita vilitugawa" unamfutia hesabu yake, na watoto unaowasomesha watakua wanaamini kwamba mambo haya huanguka kutoka mbinguni kama mvua.

Binti Makunduchi

Kaka zangu, mnazungumza kama kwamba visiwa vizima vilikuwa vimekaa pwani vinasubiri meli. Sisi watu wa maweni tulikuwa tukila mtama, uwele na muhogo tuliolima wenyewe ndani ya majabali. Kilichowaumiza bibi zetu ni nguo. Vitambaa rahisi vilikuwa vikitoka Japani, na Japani ikawa adui. Kwetu kulikuwa na kanga moja nzuri ya kutokea, dada wawili wakipokezana: huyu akienda harusini, yule anabaki ndani.

Na kwa vile mnahesabu viti, ongezeni na hiki. Mwafrika wa mwanzo kuingia Baraza la Kutunga Sheria, Sheikh Ameri Tajo, mtu wa kwetu, aliteuliwa 1946. Miaka 20 mlango umefungwa, vita vimekwisha jana tu, mlango unafunguliwa. Ikiwa vita vilitugawa, basi na hilo pia viandikieni vita.

Mjukuu wa Keya

Nimesoma mpaka hapa, hakuna alietaja askari.

Babu yangu aliingia Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Muingereza la Waafrika, akapelekwa Burma. Nchi ile ile iliyokuwa ikitulisha. Alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944, msimu wa mvua, matope mpaka magotini, malaria, nyumbu wanakufa njiani. Alipita kwenye makonde ya mpunga yaliyoota magugu, akatwambia siku ile ndipo alipofahamu kwa nini nyumbani barua zinasema hakuna wali. Mwezi wa Februari mwaka huo huo, meli Khedive Ismail iliyotoka Kilindini ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, wakafa karibu watu 1,300, wengi wao askari wetu wa Afrika Mashariki. Skuli sikusomeshwa hata sentensi moja juu yao.

Vita vya mwanzo vilikuwa hivyo hivyo. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliipiga Pegasus ya Waingereza hapa hapa bandarini Unguja, alfajiri. Mabaharia waliokufa wana makaburi yao kisiwani Chapwani, yanatunzwa na majina yanasomeka. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya jeshi bara walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara kuliko risasi, na kilichobaki kwao ni jina la Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, kikosi chao cha wapagazi.

Kwa hiyo Mtu wa Malindi, nakubali kalamu ilikuwa mkononi mwa Muingereza. Lakini babu aliporudi hakuwa mtu yule alieondoka. Alikuwa amemwona Mzungu anaogopa, anaumwa, anazikwa. Wachukuzi wa bandarini walipogoma Agosti 1948 na mji ukasimama, babu alikuwa miongoni mwa waliokaa nyumbani. Aliniambia kazi haikuwa imezidi uzito, bei za vitu ndizo zilizopanda tangu vita na mshahara ukabaki pale pale. Mgomo ule nauona mtoto wa vita kuliko kitu chochote mlichokitaja.

Mwalimu wa Wete

Ahsanteni. Bi mkubwa wa Makunduchi, la nguo nalichukua, nitalipeleka darasani kama lilivyo. Mjukuu, Khedive Ismail itaandikwa ubaoni kesho, pembeni ya Stalingrad.

Mtu wa Malindi, neno "vilitugawa" nalirudisha. Umenishinda kwa sensa, na umenishinda zaidi kwa kalamu. Lakini siwezi kukuachia yote. Sensa ya 1924 mtu alijibu mara moja akenda zake, ya pili ikaja baada ya miaka saba. Baraza la Kutunga Sheria, mkulima wa Mtambwe hakulijua hata jengo lake. Kadi ilikuwa nyumbani mwake. Kila siku ya mgao ilimkumbusha yeye nani na jirani yake nani, mbele ya watoto, kwenye chungu. Majina yalikuwapo tangu zamani, hilo nimekubali. Nasema vita ndivyo vilivyoyaingiza jikoni, na kitu kikishaingia jikoni wanawake na watoto wanakirithi hata bila ya siasa. Bibi yangu hakupata kusikia hotuba ya chama chochote alipogombana na shoga yake.

Nawaomba nyote: ikiwa ndani ya sanduku la marehemu yeyote kuna kadi ile, msiichome wala msiifinike. Ipigeni picha, tuione imeandikwaje.

Mtu wa Malindi

Nitatafuta kwa shangazi, ana makaratasi mengi ya mzee. Lakini nitatafuta na hati za nikaha na za shamba za kabla ya 1939. Nikikuta kabila limeandikwa kule nako, nitakuletea, na utanambia jikoni liliingia lini.