Mjadala: Tuikatae miradi ya afya inayoajiri watu wake nje ya serikali?

Mleta mada, Dodoma mjini

Wakuu, poleni na majukumu. Hoja hii nailetea Dodoma makusudi: Wizara ya Afya iko hapa, TAMISEMI inayosimamia halmashauri iko hapa, Bunge linalopitisha bajeti liko hapa. Atakayesingizia umbali ana lake jambo.

Nasema hivi: mradi wowote unaotaka kulipa mishahara ya watu ndani ya vituo vyetu vya afya ukataliwe, kama haujaja na maandishi yanayotaja nani atawalipa ukifungwa, na kutoka fungu lipi la bajeti.

Tarehe 20 Januari 2025 Donald Trump alisaini amri ya kusitisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje kwa siku 90. Kufika Julai, USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ilikuwa imefungwa. Huku kwetu kliniki za CTC, za wanaoishi na VVU, zilikuwa zinategemea watu wengi waliolipwa na miradi: makarani wa takwimu, washauri nasaha, wale wanaopiga simu na kutembea kwa miguu kumtafuta mgonjwa aliyeacha dawa. Dawa unaweza kuagiza kwa fedha ya dharura. Mtu anayejua kwamba mama fulani kahamia kwa dada yake Bahi, huyo huagizi MSD, bohari ya dawa.

Halafu tazameni njia nyingine. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambazo nazo ni za wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati. Zamani zilikuwa zinashikwa halmashauri na mganga mfawidhi anaomba hata glavu kwa barua. Sasa kituo kina mpango wake, kina akaunti, na kuna kamati ya wananchi ya kuhoji. Mfadhili mmoja akijitoa, fedha zitapungua, ila akaunti na kamati hazihami naye. Huko ndiko kujengewa uwezo. Semina ya siku tatu hotelini, begi na posho, mnaweza kuiita mnavyotaka.

Muuguzi, Chamwino

Kaka, unaongea kama mtu aliyeshiba. Kituoni kwetu karani wa mradi ndiye aliyekuwa anajaza rejista za MTUHA, zile za takwimu za wagonjwa. Alipoondoka kazi ikarudi kwangu, na mimi huyohuyo ndiye wa chanjo, wa leba na wa kufunga vidonda. Ukiukataa mradi leo, mgonjwa wa leo unamwambia asubiri kibali cha ajira? Vibali tunavijua vinavyotoka.

Mstaafu wa halmashauri

Mleta mada, kuna kitu umekiruka. FFARS, mfumo wa hesabu unaofanya hizo fedha za zahanati zisomeke, ulitengenezwa kwa msaada wa PS3, mradi wa USAID hiyohiyo. PS3 ulikwisha muda wake, mfumo ukabaki TAMISEMI. Ulibaki kwa sababu tangu mwanzo uliunganishwa na PlanRep, ambayo halmashauri zinapangia bajeti zake. Haukuja na kompyuta zake za pembeni na nywila anayoijua mtaalamu mmoja tu wa mradi. Kwa hiyo usiiweke miradi yote kapu moja.

La pili ni letu wenyewe. Abuja mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Hatujafika. Mfadhili anaajiri karani kwa kuwa kiti kiko wazi, na aliyekiacha wazi si mfadhili.

Mkulima, Kongwa

Shikamoo mzee. Niongeze la huku. Kongwa tumechunguzwa vikope, ugonjwa wa macho unaopofusha, tangu miaka ya 1980, watafiti wa Johns Hopkins wakija na kurudi. Azithromycin ya msaada kutoka Pfizer tumemeza, vijiji vizima. Imesaidia, sibishi. Lakini vikope vinataka mtoto anawe uso na kaya iwe na choo, na maji ya kunawa hayaji ndani ya boksi la vidonge. Kidonge kina mfadhili, bomba linasubiri bajeti. Huo uwezo umejengwa wapi?

Mwanafunzi wa udaktari, UDOM

Mbona hakuna anayeitaja Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapa Dodoma? Pale upandikizaji wa figo ulianza 2018, madaktari wa Japani wakifanya kazi bega kwa bega na wetu. Ujuzi ule uko mikononi mwa madaktari wetu. Msaada wa namna hiyo na uletwe zaidi.

Muuguzi, Chamwino

Mdogo wangu, ile ni hospitali ya kanda. Mimi naongelea rejista.

Mleta mada

Mzee nimekuelewa, na mfano wako wa FFARS unaongezea hoja yangu nguvu: kilichopita ndani ya mfumo kimebaki. Sitaki kumfukuza mtu. Nataka masharti. Mtu wa mradi akae kwenye nafasi iliyomo ndani ya ikama ya kituo, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa. Alipwe kwa viwango vya serikali, maana karani akilipwa kumzidi muuguzi, siku ya kumrithi halmashauri itakimbia. Na serikali iongeze mchango wake kwenye mshahara huo kila mwaka hadi mradi uishe. Ikishindwa mwaka wa pili, tujue mwaka wa pili, tusingoje amri ya Washington.

Wa Kongwa, kwenye maji huna wa kukupinga. Hapo hata masharti yangu hayafiki.

Muuguzi, Chamwino

Kwa viwango vya serikali huyo karani utamtafuta sana, lakini haya, nusu nimekubali. Ila hayo maandishi yasifungiwe kabatini kwa mganga mkuu wa wilaya. Yabandikwe ubaoni kituoni, pale tunapobandika mapokezi ya dawa na fedha, kamati iyasome na jina la atakayelipa lionekane.