Jakobieni ni matrisi ao ni namba? Na hili jina linatoka wapi?

MtuWaKatindo
Salamu ba yaya, samahani kama swali ni ya kitoto. Mu kozi ya analizi tunasikia jakobieni, jakobieni kila saa na mimi nilikuwa najua ni kitu moja. Sasa mu intero (mtihani mdogo) banaandika "tafuta jakobieni ya hii transformasio", ilikuwa koordoneti za polari (umbali r na pembe θ), nikapiga hesabu mpaka mwisho nikatoa r, nikafurahi kabisa. Kumbe asista alikuwa anataka ile tablo ya derive ine (derive inasema kitu kinabadilika haraka namna gani)! 2 juu ya 10. Mwenzangu wa benchi moja aliandika tablo akaacha hapo hapo, yeye 9. Nikienda kuuliza naambiwa "soma swali vizuri". Nisome nini sasa na neno ni moja?
Halafu ingine, hili jina ni la nani? Nilifikiri ni bale Bajakobini ba Robespierre, ba Mapinduzi ya Ufaransa. Mama yangu anasema ni Yakobo wa Biblia 😂

Bukavu_Milimani
Pole mdogo wangu, hiyo 2 inauma, lakini nyote wawili mulikuwa sawa, swali njo lilikuwa baya. Ona, mu Kifaransa bana njia ya kutofautisha: "la jacobienne" ni matrisi, ile tablo ya derive, juu matrisi ni ya kike, na "le jacobien" ni determinanti, ile namba moja unatoa mu tablo kama r yako, ya kiume. Herufi mbili tu kwa mwisho na ile "la" ao "le". Sasa sisi tukiingiza neno mu Kiswahili tunasema jakobieni ya hapa jakobieni ya pale, kike na kiume vyote vinapotea mu njia. Na ukishusha PDF ya Kiingereza ni mbaya zaidi, bale bana neno moja tu kwa vyote viwili, unapaswa kubahatisha kwa kuangalia sentensi.
Kitu ya kukusaidia: kama fonksio inatoka kwa vigeuzi 3 inaenda kwa 2, tablo haina mraba, determinanti haiko, basi jakobieni hapo ni matrisi tu hata useme nini. Lakini ukiiona ndani ya integrali, karibu na dr dθ, hiyo ni determinanti, tena valeri absoli yake, usisahau ile minisi inaondoka.

tshukudu_express
mama yako ana haki kuliko wewe 😂😂

Mwalimu Mzee
Huyo wa juu anacheka lakini amesema kweli. Jina ni la Mjerumani, Carl Gustav Jacob Jacobi, alizaliwa Potsdam mwaka 1804, akafundisha miaka mingi Königsberg, akafa Berlin 1851 kwa ndui. Kwa Kijerumani ile J inasomwa kama Y yetu, kwa hiyo tamka Yakobi. Na Jacobi ni Kilatini, maana yake "wa Yakobo", kama vile Mswahili wa pwani anavyosema bin fulani. Jina lake la katikati nalo ni Jacob, kwa hiyo mzee alikuwa Yakobo wa Yakobo! Wale Wajakobini wa Paris ni habari nyingine, wao walipata jina kwa sababu walikutana kwenye nyumba ya watawa iliyoitwa hivyo kwa ajili ya barabara ya Saint-Jacques, yaani ni Yakobo tena, lakini mtaalamu wetu hahusiki nao.
Determinanti za namna hiyo Mfaransa Cauchy alizitumia kabla yake. Jacobi ndiye aliandika juu yake kazi nzima mwaka 1841, na ile ∂ tunayochora leo, alama ya derive kwa kigeuzi kimoja kimoja, yeye ndiye aliyeieneza. Neno lenyewe hakujipa, ni Mwingereza Sylvester aliyelitoa kwenye jina lake baadaye. Ndiyo maana kwa Kifaransa linaandikwa na j ndogo, limeshakuwa neno la kawaida.

MtuWaKatindo
Aksanti sana mwalimu, mama atafurahi mpaka mwezi ujao. Lakini ile r yenyewe, ni ya kazi gani? Mimi nilikuwa nakokotoa tu.

Bukavu_Milimani
Uko Goma na unauliza? Enda kwa rond-point ya Tshukudu, simama katikati. Kata barabara kama keki, pembe ya radiani 0,1, halafu chukua vipande vya urefu wa metre 1. Kati ya metre 5 na 6 kutoka katikati kipande kina metre karé 0,55. Kati ya 15 na 16, pembe ile ile, metre ile ile moja, kina 1,55. Juu ya nini? Juu ukienda mbali kipande kinapanuka. Ile r njo inakuambia kinapanuka mara ngapi, na katikati kabisa r ni 0, vipande vyote vinakuwa nukta moja. Tablo yako ya derive ine inabeba habari yote, inavyovuta na inavyozungusha, determinanti inakubakizia ukubwa tu, na alama yake kama mambo yamegeuzwa.

Mwalimu Mzee
Mimi darasani nimeacha jakobieni kabisa. Nasema "matrisi ya Jacobi" au "determinanti ya Jacobi", mtoto hana pa kupotelea.

tshukudu_express
na hesieni je? ile tulifanya ni ya mtu gani

Mwalimu Mzee
Otto Hesse, mwanafunzi wa Jacobi huko huko Königsberg. Chukua gradienti (orodha ya derive za fonksio), itafutie matrisi ya Jacobi, umepata hesieni. Na shida ni ile ile ya kike na kiume, kwa hiyo mkiulizwa, inueni mkono kabla ya kuanza kuandika.

MtuWaKatindo
Hesieni iko mu intero ya ijumaa. Naanza kuinua mkono tangu leo.