Mtoto wa marehemu kaka anaiba na anaona sawa tu, nifanyeje?

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, matusi wekeni pembeni.

Naishi Mbagala na mtoto wa marehemu kaka yangu, miaka 15, kidato cha pili. Juzi mwalimu wa malezi kaniita, dogo kakutwa na simu ya mwalimu wa zamu. Nilipombana akanijibu ametulia kabisa: "Ba'mdogo, yule si ana simu mbili? Nisingechukua mimi angechukua mwingine." Jibu hilo ndilo linaninyima usingizi.

Baba yake aliwahi kufungwa kwa wizi wa pikipiki, mama kaolewa kwingine. Mimi bodaboda, natoka alfajiri narudi saa nne usiku. Nimemchapa mpaka fimbo imekatika. Ndugu wanasema ni damu, nimpeleke polisi kabla hajawa panya road. Na hapa nyumbani hakosi kitu, hata TV ya inchi 43 nilimletea, nimeipata kwa mshikaji laki moja, haina hata risiti.

Raba_Mtoni: Polisi tu mkuu. Samaki mkunje angali mbichi.

Mwl_Mstaafu: Usikimbilie huko. Nimekuwa mwalimu wa nidhamu miaka 19. Nimefundisha watoto wa wafungwa ambao leo ni wauguzi, na mtoto wa mchungaji aliyevunja stoo ya shule. Mtoto kabla hajaiba huwa ameshajitetea moyoni: "anavyo vingi", "kila mtu anafanya". Maneno hayo kayaokota mahali. Akitoka shule saa tisa mpaka wewe urudi saa nne, anashinda na nani?

Bi_Tandika: Mwalimu umeruka TV. Inchi 43 laki moja bila risiti, na dogo ana akili zake. Labda mwenyewe naye alikuwa nazo mbili 😂

Kijana_wa_Takwimu: Kuna utafiti wa London ulioanza 1961, wavulana 411 walifuatiliwa toka wana miaka minane hivi mpaka utu uzima. Mzazi aliyewahi kuhukumiwa ni kweli ilikuwa dalili mbaya, lakini pia umaskini, mtoto kutoangaliwa, na adhabu kali. Fimbo iliyokatika inahesabika humo humo. Na walioishia kuwa wahalifu sugu walikuwa wachache.

Mama_Ustawi: Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 huyo bado ni mtoto, na kesi yake ni ya Mahakama ya Watoto. Kabla ya yote muone afisa ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure. Simu ya mwalimu irudishwe na yeye mwenyewe, wewe ukiwa pembeni yake.

Mleta uzi: Nimesoma zote. Bi Tandika umenigusa pabaya. Siku naileta aliniuliza, "Ba'mdogo, hii ya nani?" Nikamwambia wewe angalia mpira.

Kesho siendi kijiweni, tunaenda shule wote wawili. Sasa hiyo TV naipeleka wapi jamani?