Hivi mkuu wa shule anayefungia wanafunzi darasani siku ya fainali anamkomoa nani?

Wakuu salaam,

Huu ni uzi wa povu, anayetafuta za kubembeleza apite tu. Huko mtaani nshaambiwa sana "mzee achana nao, mpira wa watoto huo". Siachani nao.

Mechi za UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, mwaka huu shule anayosoma kijana wangu ilifika mpaka fainali ya shule kwa shule hapa wilayani. Shule siitaji, wilaya siitaji, dogo bado ana mitihani pale. Wapinzani walikuja wote, na nikisema wote namaanisha wote, Mafuso yamejaa, ngoma, madumu ya maji yanapigwa kama ngoma, matarumbeta, mabinti wameshika matawi ya miti, na kuna dogo mmoja kapanda juu ya kichwa cha Fuso anaongoza nyimbo, sauti imeshakauka lakini haachi. Upande wetu sasa. Wachezaji wa akiba, mwalimu wa michezo, sisi wazazi tusiojaza hata mabenchi mawili, na vijana wa kijiweni ambao ukiwauliza shule inaitwaje hawajui. Wanafunzi wenzao wako wapi? Wamefungiwa geti. Wako darasani na masomo ya ziada, alasiri, siku ambayo ratiba iliyobandikwa ukutani pale ofisini imeandikwa MICHEZO kwa herufi kubwa kabisa.

Na msije na habari za usafiri maana usafiri ulikuwepo, wazazi tulishajichanga, Fuso limepatikana, mwalimu wa michezo kapeleka barua mapema kwa utaratibu wote. Mkuu kagoma. Sababu nilizisikia kwa masikio yangu: wanafunzi watatoroka, mabinti watarudi na mimba, na kidato cha nne wana moku, ule mtihani wa majaribio. Mimba jamani! Mechi ya saa kumi jioni, walimu wapo, wazazi wapo, mgambo wa kata kasimama pale na kirungu chake, mtoto atapatia mimba wapi, kwenye kibendera cha kona? Kama shule haiwezi kuwasimamia watoto wake kwa dakika tisini hadharani mchana kweupe basi tatizo siyo mpira.

Sasa penye uchungu wenyewe ni hapa, na nadhani wengi hawajawahi kupafikiria. UMISSETA yetu, shule inacheza kama shule kwenye ngazi za chini tu. Ukivuka hapo wachezaji wanachaguliwa, inaundwa kombaini, yaani timu ya mchanganyiko wa shule, ya wilaya, halafu kombaini ya mkoa, na kule taifa wanaoshindana ni mikoa. Waliokwenda Mtwara 2021 walivaa jezi za mikoa, waliokwenda Tabora 2022 hivyo hivyo. Tena taifa mara nyingi inachezwa Juni, watu wako likizo, mwanafunzi gani atapanda basi kutoka Kigoma amfuate mwenzake mpaka huko. Kwa hiyo ile nafasi ya mtoto kucheza amevaa jezi ya shule yake, mbele ya watu anaolala nao bweni moja na kugombania nao foleni ya maharage, anaipata mechi chache mno, na akimaliza fomu foo ndo imetoka hiyo, hairudi. Ukimnyima hizo mechi chache umemnyima zote.

Wenzetu Kenya shule inapanda kwa jina lake mpaka taifa na ikishinda inakwenda mashindano ya shule za Afrika Mashariki kwa jina lile lile. Ndo maana Kakamega High wana jina lao la utani, Green Commandos, na hata wewe wa Tanzania unayefuatilia mpira umeshalisikia. St. Anthony's ya Kitale vilevile, na Uganda St. Mary's Kitende. Shule ina mashabiki, mtu kamaliza zamani ana kitambi na watoto lakini akisikia shule yake inacheza anaulizia matokeo. Sisi mfumo wenyewe unaivunja timu ya shule mapema, halafu hata kabla haijavunjwa mkuu anaona awaondolee na mashabiki kabisa. Taja shule moja ya sekondari ya serikali hapa kwetu ambayo timu yake ina jina la utani linalojulikana nje ya wilaya. Nasubiri.

Najua atakuja mtu hapa kusema mashabiki hawafungi magoli. Haya. Simba msimu wa 2018/19, Ligi ya Mabingwa Afrika, hatua ya makundi. Kaenda Kinshasa kwa AS Vita kala tano bila. Kaenda Misri kwa Al Ahly kala tano bila nyingine. Wakaja Uwanja wa Taifa, ambao sasa ndo wa Mkapa, Al Ahly kapigwa moja bila, Vita kapigwa mbili moja, Simba huyo robo fainali. Zile mechi mbili za Al Ahly zilipishana siku kumi, wachezaji wale wale kocha yule yule, kilichobadilika ni nyomi ya mashabiki. Mimi ni Yanga wa damu na nalisema hilo bila kujiuma ulimi. Na kinachonichefua zaidi ni kwamba huyu mkuu mwenyewe ni Simba lialia, picha yake ya WhatsApp kavaa jezi nyekundu yuko jukwaani, "Kwa Mkapa hatoki mtu" anaiimba yeye. Yaani anajua kabisa nyomi inafanya nini kwa mchezaji mtu mzima anayelipwa mshahara, ila kwa mtoto wa miaka 16 anaona siyo lazima. Hata Ujerumani, ligi yao iliporudi Mei 2020 kwenye viwanja vitupu kwa sababu ya korona, wenyeji walianza kushinda mechi chache kuliko kawaida yao, na hao ni wachezaji wakubwa.

Halafu kuna hili la vijana wa kijiweni. Mnafikiri ukiwazuia wanafunzi jukwaa linabaki wazi? Linajazwa, tena linajazwa na watu ambao hawana uchungu na mtoto hata mmoja pale. Hawa jamaa walikuwa wanawekeana elfu mbili mbili nani atafunga goli linalofuata, na kipa wetu alipotema ule mpira wa kona likaingia la kwanza, mtu kapoteza hela yake akaanza kumtukania mama. Mama yake yupo! Kakaa mbele yetu, kafunika uso kwa khanga. Kipa alibaki kageuka anaangalia jukwaa, mpira unaendelea yeye anaangalia jukwaa, beki akamfokea ndo akashtuka. Wanafunzi wenzake wangekuwepo wangemuimbia palepale, wale matusi yao yangemezwa. Nyimbo za mchakamchaka wanazoimba kila alfajiri wanazijua kwa moyo, zinabadilishwa maneno mawili matatu zinakuwa za uwanjani, hiyo ni silaha ya bure kabisa ambayo kila shule inayo na haihitaji bajeti ya halmashauri.

(Na kuna baba mmoja mwenzetu, akisoma hapa atajijua, aliyetumia kipindi chote cha pili kumfokea refa wakati refa ni mwalimu wa shule jirani anayechezesha kwa soda. Wewe hukusaidia chochote.)

Tulifungwa mbili moja. Sisemi tumefungwa kwa sababu ya mashabiki, nisiwe muongo, wale jamaa wana winga wa kulia ambaye ni balaa, anakupiga tobo halafu anakusubiri umrudie akupige kanzu, na beki wetu wa kushoto alikuwa na enka mbovu. Ila tuliposawazisha dakika za katikati kipindi cha pili, dogo aliyefunga akakimbia kuelekea upande wetu kushangilia, akafika kwenye chaki akakuta hakuna watu. Akasimama. Akarudi zake kati anatembea. Goli la kusawazisha kwenye fainali mtu anashangilia kama amekosea! Dakika mbili baadaye upande wa pili umewaka nyimbo, wamepandisha mori, la pili likaingia.

Tuje kwenye hiyo hoja ya ufaulu maana ndo ngao yao. Mimi siyo adui wa shule, nataka mwanangu afaulu. Lakini hao wanafunzi waliofungiwa siku ile wamesoma nini? Nimemuuliza binti wa jirani yuko kidato cha tatu pale, anasema mwalimu aliingia akaandika maswali ubaoni akatoka akaenda kusikiliza matokeo ya mechi kwenye simu. Mwalimu mwenyewe roho ilikuwa uwanjani! NECTA, baraza la mitihani, waliacha kutangaza zile shule kumi bora tangu matokeo ya kidato cha nne ya 2022, lakini baadhi ya wakuu wa shule bado wanakimbizana na orodha ambayo haipo tena. Na hata kama ingekuwepo, alasiri moja ya Jumatano haimpandishi mtu kutoka divisheni foo kwenda wani.

Tena kwa mabinti ndo balaa kabisa. Timu ya netiboli ya shule hiyo hiyo ilicheza mechi zake bila hata shabiki mmoja wa kutoka shuleni, na sisi wazazi wa mpira wa miguu hata hatukupewa taarifa kwamba wanacheza. Alafu mwaka 2023 mabinti wa Fountain Gate ya Dodoma walipokwenda Durban wakarudi na ubingwa wa Afrika wa shule, ule wa CAF, shirikisho la mpira Afrika, zawadi dola 300,000, kila mtu akaposti pongezi. 2024 vijana wetu nao wakabeba kombe hilo hilo pale Zanzibar, Amaan, nyumbani, watu wakiwa jukwaani wanawasukuma. Tukishinda huko juu wote ni mashabiki wa mpira wa shule, ila huku chini ambako hao watoto wanatoka tunawafungia wenzao geti.

Mwalimu wa michezo namtoa kwenye lawama. Yule kijana mipira miwili kati ya inayotumika mazoezini ni ya hela yake mwenyewe, njumu za kipa kaazima kwa mdogo wake, na baada ya mechi kaitwa ofisini eti kwa nini alituambia wazazi kwamba barua ilikataliwa. Yaani kosa ni kusema.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi hii. Nakwenda na kopi ya ile barua yenye maandishi ya kalamu nyekundu "Haikubaliwi", na wazazi kadhaa tumeshakubaliana tunakaa mstari wa mbele. Ninachoomba kwenu hasa walimu na maafisa elimu mliopo humu: kuna waraka wowote unaompa mkuu wa shule ruhusa ya kufuta kipindi cha michezo kilichopo kwenye ratiba na kuweka masomo ya ziada? Sitaki maoni, nataka namba ya waraka na mwaka. Kama haupo mniambie pia, nitaulizia hilo hilo mbele ya afisa elimu kata maana nasikia atakuwepo.

Na wale wa "mpeleke shule binafsi" msijisumbue kukoment.